Dokta, mbona tundu lilikuwa dogo akalifanya kubwa?

Haya, tupo tena. Mwezi huu maswali karibu yote ni ya kuziba meno, sijui kuna nini, labda wali wa sikukuu ulikuwa na mawe. Nimechukua machache na nimeyapunguza kidogo manake wengine mnaandika mpaka historia ya jino la shangazi.

Shikamoo dokta. Nilikuwa na gego la chini kulia lina kidoa cheusi tu hata hakiumi, nikasema niwahi mapema. Dokta akachimba akachimba, nikajitazama kwenye simu naona shimo la kupandia mgomba! Akaziba kwa nyeupe, miezi minne tu ikatoka nzima nzima nikiwa nakula mhogo wa kukaanga. Nimeenda kwingine naambiwa nyeupe haidumu niweke siliva. Nani mkweli hapo, na kwanini alichimba vile? – Msomaji, Mbagala

Marahaba, na pole na mhogo wako. Tuanze na shimo. Jino kwa juu limevaa enameli, ngumu kuliko mfupa wowote ulionao mwilini, karibu asilimia 96 ni madini matupu. Chini yake kuna dentini, hiyo ni laini zaidi na imejaa vijimirija vya kuelekea kwenye moyo wa jino, kule ndani kwenye neva na damu. Sasa uozo unaingia juu kwa upenyo wa sindano, ukishaikuta dentini unatawanyika pembeni, ni mchwa na fremu ya mlango, rangi nje nzima kabisa ila ukibonyeza kidole kinazama. Kwahiyo wewe unaona kidoa kama punje ya pilipili manga, dokta akifungua anakuta pango. Hapo hakulifanya kubwa, alilikuta kubwa.

Lakini (wenzangu mtanisamehe) kuna wakati kweli tunachimba kupita kiasi, na tabia hiyo tumeirithi. Kuna Mmarekani anaitwa G.V. Black, aliishi 1836 mpaka 1915, alifanya kazi enzi za mashine za kukanyaga kwa mguu kama cherehani, yeye ndiye aliyeweka kanuni za kuchonga tundu na kuyagawa kwa madaraja ambayo mwanafunzi wa meno mpaka leo anayakariri usiku wa kuamkia mtihani. Enzi zile unaziba kwa dhahabu au amalgamu, yaani hiyo mnayoita siliva, na amalgamu haishiki kwenye jino kama gundi, inakaa kwa kubanwa tu. Kwahiyo tundu lazima ulichonge kama mtungi, mdomo mwembamba tumbo pana, ili ikishakauka isichomoke, na lazima uende chini kama milimita 2 hivi manake amalgamu ikiwa nyembamba inapasuka. Juu ya hapo Black alifundisha kwamba upanue mpaka ufikie vile vifereji vyote vya juu ya gego hata kama ni vizima, kuzuia visije kuoza baadae. Kwa wakati wake alikuwa na hoja, hapakuwa na dawa ya meno yenye floraidi (madini yanayokinga jino lisioze) madukani. Shida ni sisi, mkono uliozoea mtungi unachonga mtungi hata pale ambapo kinachoenda kuwekwa ndani hakihitaji mtungi.

Nisijifanye mtakatifu. Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja dada mmoja, tundu la ukubwa wa punje ya mchele, mimi nikanyoosha kuta, nikatengeneza kona, nikatanua chini, nikajiona fundi, yaani ilikuwa picha ya kitabuni kabisa. Baadae akarudi ukuta wa upande wa ulimi umekatika na alikuwa anakula mkate tu, wala sio mfupa. Ule ukuta mwembamba aliuacha nani? Mimi. Tangu hapo kabla sijakanyaga drili najiuliza nini kinanilazimisha nikate hapa, kama jibu ni uozo nakata, kama jibu ni nilifundishwa hivyo naweka mkono chini.

Sasa nyeupe, sisi tunaiita kompositi. Hii inashika. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa kule Rochester, New York, aliona viwandani wanapaka asidi ya fosforiki kwenye chuma ili rangi ishike vizuri, akaijaribu kwenye enameli, ikashika. (Ndio, asidi hiyohiyo imo kwenye soda nyeusi, msianze kusukutua.) Halafu 1962 Rafael Bowen akaja na resini yake (aina ya plastiki) iliyochanganywa na unga wa glasi, ndio mama wa hizi nyeupe zote. Tunavyofanya ni hivi: tunapaka jeli ya asidi sekunde kama 15, tunaosha, tunakausha, enameli inabadilika inakuwa nyeupe ya chaki kama kioo cha dirisha la bafuni, ukiitazama kwa darubini ni vitundu vitupu. Tunapaka gundi inaingia humo, tunamulika taa ya bluu, ndio tunaanza kupanga kompositi tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi milimita 2, kila tabaka linamulikwa. Kwanini tusijaze yote mara moja? Mwanga haufiki chini, juu inakauka chini inabaki uji, na pia ikikauka inanywea asilimia kama 2 au 3, ukiijaza bonge moja inavuta kuta zote kwa pamoja inaacha upenyo.

Na sasa ndio tunafika kwako. Umesema ilitoka *nzima nzima*. Hapo umeniambia mengi kuliko unavyodhani. Ingevunjika nusu ningesema ilizidiwa nguvu, labda unasaga meno usiku. Ikitoka nzima kama mbegu ya embe maana yake haikushika kabisa tangu siku ya kwanza, na mara nyingi mchawi wake ni mate. Tone moja tu la mate likigusa pale baada ya asidi, kazi inaanza upya, na damu ndio kabisa. Gego la chini ulimi uko pembeni, shavu liko pembeni, mate yanabubujika, ukibadilisha pamba mara mbili tayari limelowa. Dawa yake ni kile kipande cha mpira kinachotobolewa tundu moja, jino linachomoza peke yake kama kichwa kwenye kanzu, wagonjwa wengi hawakipendi wanasema wanabanwa pumzi, ila ni kitu cha tangu 1864 na bado hakijapata mpinzani.

Kwahiyo nani mkweli? Kila mmoja nusu. Siliva inavumilia unyevu na inavumilia haraka, nyeupe inataka subira. Dokta asiye na muda na asiye na kifyonza mate kinachofanya kazi, nyeupe yake kweli haidumu. Ila mimi nisingekushauri uchongewe mtungi sasa hivi kwenye jino ambalo limeshapoteza nyama kiasi hicho. Rudia nyeupe kwa mtu atakayelikausha. Na ukikaa kwenye kiti, pamoja na kuuliza utaniwekea nini, uliza pia *utakata kiasi gani*. Kinachowekwa kinaweza kubadilishwa, kilichokatwa hakioti tena.

Asalaam aleikum dokta. Nimezibwa jino lilikuwa limeoza sana, daktari baada ya kumaliza akanambia ameacha uozo kidogo ndani makusudi. Mimi nimeshindwa kulala. Ndio nini, sufuria unaosha halafu unaacha masizi? – Msomaji, Unguja

Waalaikum salaam. Nimecheka sufuria, lakini huyo daktari wako anajua kazi, na zaidi ya yote amekwambia ukweli, wengine wanafanya wananyamaza.

Uozo una tabaka. La juu ni teketeke, limelowa, ukipitisha kijiko chetu (ni kijiko kweli ila cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti) linatoka kama boga lililopitiliza kuiva, humo ndimo walimojaa bakteria, hilo linatoka. Ukishuka chini unakuta dentini inayobanduka kwa vipande kama ngozi ya kiatu iliyolowa, madini yamepungua ila kiunzi chake bado kipo, na jino lenyewe lina uwezo wa kuijenga tena. Zamani tulikuwa tunakwangua mpaka pakwaruze kama jiwe kila mahali, matokeo yake tunatoboa moyo wa jino, mgonjwa aliyekuja kuziba anatoka na tiba ya mzizi (kusafishwa ndani ya jino mpaka mizizini) au bila jino.

Siku hizi kwa tundu refu, kuta za pembeni tunasafisha mpaka pawe pagumu kabisa manake hapo ndipo gundi inaposhika na ndipo mlango ulipo, ila chini kabisa juu ya moyo tunaacha kile kitabaka tukafunika. Bakteria waliobaki humo wamefungiwa, chakula chao ni sukari ya mdomoni na sasa haiwafikii, wanadhoofu. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilitoa mapendekezo hayohayo. Sharti moja tu, mfuniko usivuje. Kwahiyo lala. Ila likianza kuuma lenyewe usiku bila hata kuligusa, au maumivu ya baridi yanakaa dakika nzima badala ya kupita, usingoje, rudi hapohapo kwake.

Dokta mwanangu ana miaka 7, tulikuja kutembelewa shuleni na wataalamu wa meno, wakamkwangua jino kwa mkono tu, hamna mashine hamna sindano ya ganzi, wakajaza kitu kama udongo mweupe wakabonyeza kwa kidole. Kidole! Mume wangu anasema tumefanyiwa usanii. – Mama, Kondoa

Mwambie baba watoto usanii huo ulizaliwa hapahapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi Jo Frencken alikuwa anafundisha chuo cha meno Dar es Salaam, na shida ilikuwa hiihii unayoijua wewe, vijijini hamna umeme, mashine hazifiki, kwahiyo tiba ya jino ni moja tu, koleo. Wakaanza kujaribu kusafisha tundu kwa vyombo vya mkono vitupu na kuziba kwa simenti inayoshika yenyewe. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe dunia nzima, leo inafundishwa kuanzia Brazil mpaka China. Mimi nikiona Watanzania tunaiita tiba ya maskini nasikia uchungu kidogo, ni kama kuidharau kanga.

Kile kitu kama udongo ni glasi ayonoma, wanakemia Wilson na Kent waliitoa London mwaka 1972. Ni unga na maji ya asidi, unakorogwa pale pale. Uzuri wake inashikana na jino kikemia bila taa bila nini, na inatoa floraidi taratibu. Kidole ndio utaalamu wenyewe: glavu inapakwa vaselini, simenti inajazwa kupita kiasi kidogo, inabonyezwa kwa sekunde kadhaa iingie mpaka kwenye vifereji, ile ya ziada inatoka pembeni inakwanguliwa. Na kutopigwa sindano ni kwa sababu uozo wenyewe hausikii maumivu, inayosikia ni sehemu ya jino isiyooza inapokatwa na mashine, sasa pale hakuna kilichokatwa cha maana.

Udhaifu upo. Haina nguvu ya kompositi wala ya siliva, kwenye tundu la juu peke yake inakaa vizuri miaka, lakini tundu lililo katikati ya jino na jino hutoka mapema zaidi, kwahiyo mchungulie mdomoni kila mara ukimsugua. Sijui kwako ni lipi. Na kama watarudi na dawa ya kupaka inayogeuza uozo kuwa mweusi tii msipige kelele, ni ya fedha na floraidi, inazuia uozo usiendelee, bei yake ni hiyo rangi. Dawa hiyo na hiyo glasi ayonoma zote ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Mumeo akibisha mwonyeshe hapa.

Daktari, niko na mimba ya miezi minne na niko na siliva tatu mdomoni tangu nikiwa haiskuli. Rafiki yangu ameniambia ni zebaki tupu inamwaga sumu kwa mtoto, nizitoe haraka. Nimeshaweka apointimenti. – Msomaji, Kisumu

Ifute hiyo apointimenti leo.

Siliva sio zebaki tupu, zebaki ni kama nusu ya uzito wake, nusu nyingine ni fedha, bati na shaba, vikichanganyika vinakuwa kitu kingine kigumu. Mvuke kidogo sana unatoka ukitafuna, kweli, lakini wakati unaotoka kwa wingi ni pale drili inapoikata. Kwahiyo ukienda kuzitoa sasa hivi unajitafutia kilekile unachokikimbia. Zikiwa nzima hazijapasuka, hazina uozo pembeni, ziache zipumzike, uzae salama, ukitaka kuzibadilisha kwa sababu ya urembo tutaongea baadae.

Rafiki yako hajatunga kila kitu lakini. Kuna mkataba wa Minamata wa 2013, jina limetoka kwa mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini watu wakala samaki wakaumia vibaya, na nchi zilizoungana nao zilikubaliana 2022 kule Bali kwamba siliva *mpya* wasiwekewe wajawazito, wanaonyonyesha wala watoto chini ya miaka 15. Ulaya wameenda mbali, tangu Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zimeacha kuitumia isipokuwa dokta akiona kuna ulazima wa kitiba. Sababu kubwa ni mazingira, vipande vinavyotemwa kwenye sinki la kliniki vinaishia mtoni na kwenye samaki. Ukihitaji kuzibwa jino jipya kabla hujajifungua sema mapema una mimba, utapewa nyeupe au glasi ayonoma.

Dokta nimezaliwa Usa River, meno yangu ya kahawia tangu utoto. Kuna kliniki imeniambia yameoza yote ya mbele yachongwe yazibwe. Nina miaka 24, hayaumi. – Kijana wa Meru

Kahawia ya Usa River naijua hata kwenye giza. Kabla hujampa mtu meno yako yachongwe, tafuta dokta wa pili. Maji mengi ya kuzunguka mlima Meru yamepita kwenye miamba ya volkano yana floraidi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita, na magadi ya kulainishia maharage yanaongeza humohumo. Inaharibu enameli wakati jino bado linatengenezwa ndani ya fizi, ndio maana yameota hivyo tangu mwanzo. Sio uozo. Uozo unapenda mashimo na katikati ya meno, unakuwa mmoja mmoja, rangi yako naamini imepiga meno pacha kushoto na kulia sawasawa, ncha ya chombo ikipita pagumu.

Kama ni rangi tu inaweza kusuguliwa juu juu au kufunikwa na kompositi nyembamba bila kuchonga au kwa kuchonga kidogo sana, ila dokta ajue enameli ya namna hii hailiwi na asidi kirahisi, mara nyingi lazima aongeze muda la sivyo zitabanduka. Ukiamua kuyaacha pia ni meno yako, hayana ugonjwa.

Nikizibwa nikae muda gani kabla ya kula? – Mwenye njaa, Morogoro

Nyeupe ikishamulikwa imeshakauka, tatizo ni ganzi tu, subiri iishe la sivyo utatafuna shavu lako ukidhani ni nyama, na watoto ndio wanaongoza kwa kung'ata mdomo mpaka uvimbe. Glasi ayonoma usitafune upande huo saa moja hivi. Siliva upe upande huo siku nzima.

Na kabla hujashuka kwenye kiti utapewa kakaratasi ka bluu ung'ate, usikang'ate kwa aibu, ng'ata kama unakula muwa na usage kushoto kulia, manake ndio kanaonyesha palipozidi. Ukifika nyumbani ukasikia jino lile linagonga kabla ya wenzake rudi kesho yake likapunguzwe, ni kazi ya dakika mbili, wanaosema nitazoea ndio ninaowaona baada ya wiki wameshika shavu.